Shangazi, mtoto anacheza mpira mzima kabisa, kweli nimpeleke akapasuliwe?

BARUA

Shikamoo Shangazi. Naomba jina langu usiliweke mana wifi yangu ni msomaji wako mzuri tu na nyumbani kwetu sa hivi hapakaliki.

Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala Rangi Tatu, mume wangu ana bajaji na mi nauza madera, natuma picha WhatsApp alafu mzigo napeleka mwenyewe. Mtoto wangu mkubwa ni wa kiume, ana miaka sita, yuko la kwanza, na toka mchanga huyu mtoto ana tumbo. Sio tumbo la kila siku, yani ndo linapotuchanganya hapo, anaweza kukaa wiki na wiki hana hili wala lile, anakula, anaruka ukuta, anapigana na wenzie, alafu siku hiyo usiku tu au karudi shule anashika tumbo hapa kwenye kitovu, anajikunja, jasho linamtoka, anaanza kutapika, kinatoka chakula kwanza baadae yanakuja maji ya kijani. Anahangaika hivo lisaa au zaidi alafu linaachia lenyewe tu, analala, akiamka anaulizia chapati. Ukimpeleka zahanati asubuhi dokta anamkuta anacheka.

Tumetibiwa kila kitu Shangazi. Minyoo mpaka nadhani Mbagala nzima haijabaki minyoo, taifodi, yutiai, amiba, kuna mmoja akasema vidonda vya tumbo akampa dawa ya kupunguza asidi, mwingine akamuangalia akasema huyu anakwepa shule huyu, na shule zenyewe zilikuwa zimefungwa. Damu safi, choo safi, mkojo safi. Ila uzito ndo haupandi, nguo za mwaka juzi bado zinamtosha.

Juzi kati lilimshika vibaya kuliko siku zote, tukakimbizana usiku mpaka hospitali moja kubwa, huko tukamkuta dokta wa kike bado kijana, ndo wa kwanza toka tumeanza kuhangaika kuniuliza anatapika rangi gani. Nikamwambia kijani. Akaacha kuandika, akaniuliza tena. Mtoto akapigwa ultrasaundi, kesho yake akanyweshwa dawa nyeupe nzito wakawa wanampiga eksirei huku dawa inashuka. Ndo wakasema utumbo wake haukujizungusha vizuri wakati anaumbwa, jina lake malroteisheni, kwamba kazaliwa nao hivo na unaweza kujisokota wakati wowote, inabidi afanyiwe oparesheni. Maumivu muda huo yalishaachia zamani. Tukapewa tarehe mwisho wa mwezi ujao turudi kwa daktari wa upasuaji wa watoto, na tukaambiwa akitapika kijani tena tusingoje tarehe.

Sasa vita ndo imeanzia hapo. Mume wangu anasema mtoto mwenyewe huyo anacheza mpira nje, unampasuaje mtu anayecheza mpira, na hela yenyewe itatoka wapi. Mama mkwe anasema hilo ni chango, kwao Kibiti kuna bibi anakanda matumbo ya watoto, kakanda ukoo mzima mpaka huyo mume wangu, na kwamba mtoto akishapitiwa na kisu basi dawa ya chango haifanyi kazi tena. Wifi nae kaja na lake. Nilipokuwa na mimba ya huyu mtoto, miezi minane, kliniki waliniambia amekaa vibaya, mama yangu akanipeleka kwa mkunga wa mtaani akanikanda akamgeuza. Wifi anasema ndo hapo hapo utumbo ulipogeuzwa. Toka aseme hivo sipati usingizi Shangazi, nikimuangalia mwanangu naona mikono ya yule mama iko tumboni kwangu.

Naomba unijibu, je ni mimi? Na kama amekaa nao miaka sita si anaweza kukaa nao mpaka uzeeni? Alafu mdogo wake ana miaka miwili, nae choo chake kigumu sana siku hizi, naogopa isije kuwa ni ya ukoo, nimpeleke nae akapimwe?

Mama Wawili, Mbagala

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole kwa hayo ya nyumbani mana naona yanakuumiza kuliko hata ugonjwa wenyewe. Wanaonifuata siku zote wanajua nilikuwa nesi wodi ya watoto mpaka nikastaafu, sikuwa daktari, kwa hiyo nakupa ninachokijua, na cha mwanao mwenyewe atakimalizia huyo daktari wa upasuaji mwenye zile picha mkononi.

Nianze na la usiku wa leo kabla hatujafika kwa wifi. Kati ya sasa na hiyo tarehe mtoto akishikwa tumbo akatapika kijani, usiende zahanati, usingoje kukuche, usingoje kuona kama litaachia, nenda moja kwa moja hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji. Usimpe chakula wala chai wala dawa yoyote ya mdomoni, mana wakiamua kumuingiza theatre tumbo linatakiwa liwe tupu. Zile picha na karatasi za majibu ziweke kwenye mfuko mmoja karibu na mlango, na ukifika usianze kusimulia historia toka kuzaliwa, sema tu "mtoto ana malroteisheni na katapika kijani", watu watanyanyuka. Bajaji ya baba yake isilale bila mafuta. Na kuna kitu kimoja huwa kinawapotosha hata wahudumu, tumbo la mtoto mwenye utumbo uliojisokota mwanzoni linaweza kuwa laini kabisa, halijavimba, mtu akabonyeza akasema mbona hamna kitu, hapo usikubali kurudishwa nyumbani. Ukiona choo kina damu, au mtoto amepauka, amepoa mikono na miguu, amelegea anasinzia sinzia, au tumbo limekuwa gumu, ujue muda umeshakwenda sana, usipoteze hata dakika.

Kwa nini nakukimbiza hivi, ngoja nikueleze. Mtoto akiwa na kama wiki sita tu tumboni kwa mama, utumbo wake unarefuka haraka kuliko tumbo lenyewe linavyokua, nafasi inakosekana, basi unatokeza nje kidogo unaingia kwenye mzizi wa kitovu unakaa humo. Ikifika wiki ya kumi hivi unarudi ndani. Katika huko kutoka na kurudi unajizungusha kinyume na mshale wa saa, nyuzi 270 kwa jumla, kuuzunguka mshipa mkubwa wa damu unaoulisha, alafu unakuja kushikizwa kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo, kwa mstari mrefu wa mshazari kutoka juu kushoto mpaka chini kulia. Kwa mwanao huo mzunguko uliishia njiani. Kwa hiyo utumbo haukupata ule mstari mrefu wa kushikilia, umeshikwa na sehemu nyembamba katikati, na humo humo ndo mishipa ya damu inapopita.

Anika kanga kwa vibanio kuanzia ncha mpaka ncha, upepo uvume utakavyo itapepea tu. Ibane kwa kibanio kimoja uone, itajizungusha yenyewe mpaka inakuwa kamba. Utumbo wa mwanao una kibanio kimoja. Siku umejizungusha kidogo ukajifungua, ndo hiyo siku ya kujikunja na jasho, alafu anaomba chapati. Siku ukijizungusha ukakaza, damu haipiti, na utumbo usiopata damu unaanza kufa ndani ya masaa. Tena sio kipande kidogo, karibu utumbo mwembamba wote unaning'inia kwenye hicho kishikio, na mtoto aliyepoteza utumbo mwembamba hata akipona hapati virutubisho kwa kula tu, inabidi alishwe kwa mshipa, na hiyo kwa nchi yetu sio kitu cha kukitamani.

Ile rangi ya kijani ndo inayosema yote. Ni nyongo. Nyongo inamwagika kwenye utumbo hatua chache baada ya tumbo la chakula, mtu akitapika kijani kabisa kuna uwezekano njia imeziba mbele ya hapo ndo mana inarudi juu. Mtoto mchanga akitapika kijani, sisi wodini tulikuwa hatuulizi mara mbili, anaitwa daktari wa upasuaji mpaka ithibitike sio. Kwa mtoto mkubwa watu wanajisahau, wanasema katapika sana mpaka nyongo. Huyo dokta wako kijana aliyeacha kuandika, ukimuona tena mpe mkono. Wale wa minyoo usiwalaani, Dar watoto wana minyoo kweli na vipimo vya damu na choo kwa ugonjwa huu vinatoka safi, hata eksirei ya kawaida inaweza kuwa safi, mpaka anywe ile dawa nyeupe waone utumbo mwembamba unaanzia upande gani wa uti wa mgongo, unatakiwa uanzie kushoto. Yule wa kukwepa shule namuacha kwa Mungu.

Umeniuliza kama amefika miaka sita si anaweza kufika uzeeni. Sitakudanganya, wapo waliofika. Tofauti za namna hii za utumbo zinakadiriwa kwa mtoto mmoja kati ya 500 hivi, na wengi wao hawaumwi kabisa, wengine wanagundulika uzeeni wakipigwa picha kwa jambo lingine, na kwa hao madaktari wenyewe huwa wanajadiliana apasuliwe au aachwe. Ila mwanao sio wa kundi hilo mama. Huyu utumbo wake umeshaonyesha kwamba unajisokota, umefanya hivo mara nyingi tu, na uzito wake umekwama. Wengi wanaoumwa huwa wanajulikana ndani ya mwaka wa kwanza, hasa mwezi wa kwanza, wanaobaki ndo wanakuja hivi hivi kama wako, linashika linaachia linashika linaachia, na hamna kipimo cha kukuambia ni mara ya ngapi litakaza lisiachie. Kwa hiyo hoja ya baba yake kwamba mtoto anacheza mpira mi naigeuza, huo ndo wakati wa kumpeleka, akiwa anacheza, amekula vizuri, damu ipo, utumbo wote mzima, na daktari yuko macho, tena mchana. Anayepasuliwa usiku wa manane utumbo umeshakuwa mweusi ni oparesheni ya jina lile lile ila sio kitu kimoja kabisa. Na hiyo tarehe ya mwisho wa mwezi ujao, rudi uulize kama haiwezi kusogezwa, waambie wazi linamshika mara ngapi na kwamba uzito haupandi, inawezekana aliyewapa tarehe hakuyajua yote hayo.

Sasa la mkunga. Mwanangu, nihesabie. Utumbo unarudi ndani na kumaliza kujizungusha kabla mimba haijafika miezi mitatu, wanawake wengi wakati huo hata kliniki hawajaenda, wengine ndo kwanza wanajishtukia. We ulikandwa miezi minane. Utumbo wa mwanao ulikuwa umeshakaa ulivyokaa miezi mitano nyuma, yule mama hata angekuwa na mikono ya chuma asingeugeuza. Kukanda mimba mi sikupendi na nitakisema siku nyingine mana kuna hatari zake zingine kubwa tu, kondo la nyuma linaweza kubanduka, lakini hili la utumbo sio lake, na sio lako. Sio dawa uliyokunywa, sio ulivyolala, sio ulivyomrusha juu akiwa mchanga. Mwambie wifi Shangazi kasema hivo, si anasoma.

Mama mkwe usipigane nae. Kwanza muelewe, huyo bibi wa Kibiti ana sifa zake kwa sababu matumbo mengi ya watoto yanaachia yenyewe, gesi inaachia, choo kigumu kinaachia, hata hili la mwanao limekuwa likiachia. Angekuwa anakandwa usiku ule mngerudi Mbagala mnasema bibi kaponya. Lakini mikono juu ya ngozi haiwezi kuufungua utumbo uliojisokota, inamuongezea maumivu tu, na dawa ya kuharisha au ya kupiga bomba ndo kabisa isimguse. Kubwa kuliko yote ni muda. Ukishika barabara ya Kilwa kuelekea Kibiti unaiacha hospitali ya Muhimbili mgongoni, na lile likikaza mkiwa huko mtayarudi masaa yote hayo na mtoto anabadilika rangi kwenye siti. Mi ningekuwa we ningemwambia hivi kwa upole, "mama, dua yako naitaka, na mtoto akitoka hospitali nitakuhitaji kuliko mtu yeyote, ila safari ya Kibiti tuisubirishe mpaka dokta amalize". Bibi mwenye kazi ya kufanya huwa hana muda wa kubishana. Mkabidhi huyo mdogo siku mtakazolazwa, aone anaaminiwa.

Baba yake usimsimulie wewe tena, mpeleke. Wanaume wengi wanaosema mtoto mbona mzima ni woga, kisu kinawatisha na bili inawatisha na hawawezi kusema. Siku ya miadi bajaji ipumzike, aingie ndani, aombe daktari amuonyeshe kwenye ile picha utumbo ulipotakiwa kuwa na ulipo, aulize wanafanyaje hiyo oparesheni, atalala siku ngapi, lini atarudi shule, na wakigundua kitu kingine ndani watafanya nini. Aulize yeye, asikie mwenyewe.

Oparesheni yenyewe sio ya majaribio. Inaitwa ya Ladd, kwa jina la daktari William Ladd wa Boston kule Marekani aliyeieleza mwaka 1936, na mpaka leo msingi wake ni ule ule. Kama utumbo umejisokota wanausokotoa, wanakata zile kamba kamba zinazokatiza juu ya utumbo na kuubana, wanakipanua kile kishikio chembamba, alafu utumbo mwembamba wanaulaza upande wa kulia na mnene upande wa kushoto. Hapo wazazi huwa wanashtuka, kwamba kumbe hawaurudishi ukae kama wa watu wengine? Hapana, hawaurudishi, wanauweka pale ambapo hautaweza kujisokota kirahisi, na mtu anaishi hivo, anakula ugali, anacheza mpira, anazeeka. Na kidole tumbo mara nyingi wanakitoa humo humo hata kama hakiumwi, mana kitakuwa kimeangukia kushoto na siku kikija kuvimba ukubwani atatibiwa kitu kingine kabisa. Ikitokea hivo msije mkasema mtoto kaibiwa kiungo.

Hatari zipo, uliza. Kuna dawa ya usingizi, kuna utumbo kushikamana kwa makovu baadae ukaziba, kujisokota tena kunatokea ila ni nadra. Akitoka theatre hatakula siku hiyo, watamuanzishia maji kidogo kidogo utumbo ukiamka, na we hapo ndo utahitaji moyo mana atalia njaa na utataka kumpa kauji kwa siri. Usimpe. Na wengine maumivu madogo madogo yanabaki kwa muda hata baada ya oparesheni, kwa hiyo msije mkasema imefeli kwa sababu kashika tumbo wiki ya pili. Ila akitapika kijani hata baada ya kupasuliwa, sheria ni ile ile, hospitali.

Hela. Angekuwa chini ya miaka mitano sera inamtambua kwa matibabu bila malipo kwenye hospitali za serikali, wako amepita. Kama ana bima kaulizeni leo inagharamia nini, kama hana, kwenye hospitali za serikali kuna ofisi ya ustawi wa jamii, hao ndo wanaangalia uwezo wa familia na kupendekeza msamaha au kulipa kidogo kidogo. Nendeni mapema, kabla ya kulazwa, na barua ya serikali ya mtaa mkononi, msisubiri siku ya kuruhusiwa ndo mnaanza kulia pale dirishani. Mara nyingi mtaambiwa pia mtafute ndugu wa kuchangia damu, hao waandae sasa hivi, wifi akiwa wa kwanza kama anaruhusiwa.

Wengine mnaosoma najua mmeshaanza kuminya matumbo ya watoto wenu. Tulieni. Maumivu mengi ya tumbo kwa watoto ni ya kawaida, na haya ya kuzaliwa nayo ni machache. Lakini yana alama zake. Kuna kifuko kinaitwa cha Meckel, kwa jina la Mjerumani aliyekieleza mwaka 1809, ni kibaki cha mrija uliokuwa unaunganisha utumbo na kitovu wakati mtoto anaumbwa, asilimia 2 hivi ya watu wanacho na wengi wao hakiwasumbui maisha yao yote, ila kwa wengine ndani yake kuna ngozi ya kutoa asidi, inachoma utumbo, mtoto mdogo anatoa damu nyingi chooni bila hata kulalamika maumivu. Damu nyingi bila maumivu msiite kuhara damu mkamaliza, muulizeni daktari kuhusu hicho. Kuna utumbo kuwa na kipande pacha pembeni yake, kinajaa maji, mama anaweza kukigusa kama uvimbe wakati anamuogesha mtoto, na kinaweza kusababisha utumbo kuingia ndani ya utumbo mwenzie. Na kuna ule wa Hirschsprung, daktari wa Copenhagen aliyeuelezea mwaka 1886, mtoto mmoja katika 5,000 hivi, wengi wao wa kiume, mwisho wa utumbo mnene haukupata mishipa ya fahamu kwa hiyo hausukumi, choo kinagoma pale.

Na hapo ndo namfikia mwanao mdogo wa miaka miwili. Malroteisheni kwa kawaida haitembei kwenye familia, kwa ndugu wawili ni nadra, sioni sababu ya kumnywesha dawa nyeupe mtoto asiyetapika kijani na anayeongezeka uzito, ila litaje kwa daktari mkiwa pale. Choo kigumu ni habari nyingine. Jikumbushe siku aliyozaliwa, kile choo cheusi cha kwanza alikitoa lini, watoto wengi wanakitoa ndani ya masaa 24. Kama kilichelewa kupita siku mbili, au toka mchanga hajawahi kupata choo vizuri bila kusaidiwa na tumbo linajaa linavimba, mpeleke wamuangalie huo wa Hirschsprung, kipimo chenyewe wanachukua kinyama kidogo sehemu ya haja kubwa. Lakini we umesema "siku hizi", na miaka miwili ndo wengi mnawaachisha ziwa wanahamia ugali na maziwa ya ng'ombe, wanaanza na kufundishwa poti wanabana. Kama alianza vizuri na ugumu umeingia juzi juzi mpe maji ya kutosha, papai, machungwa, mboga za majani, maziwa ya ng'ombe punguza, na usimgombeze kwenye poti. Akikaa wiki mbili tatu habadiliki, au ukaona damu, hiyo hata zahanati ya jirani wanaimudu.